Brad Mehldau: anza na mkono wa kushoto

Wengi wanaomjua Brad Mehldau wanamjua kama yule mpiga piano wa jazi anayepiga nyimbo za Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza. Si uongo, ila sifa hiyo haimsaidii msikilizaji. Nyimbo za roki wamezipiga wengi kabla yake na baada yake. Kinachomtenga Mehldau na wenzake kiko upande wa kushoto wa piano. Kwa wapiga jazi wengi mkono huo kazi yake ni kutupia kordi (noti kadhaa kwa pamoja) fupi fupi huku wa kulia ukisimulia. Kwake una usemi wake: unaimba, unajibu, unakatiza maneno ya mwenzake, na mara nyingine unabeba wimbo mzima na kuuachia wa kulia kazi ya kufuatisha. Ukishausikia hivyo mara moja, lundo la albamu alizotoa tangu 1995 linaanza kusikika kama kazi moja ndefu.

Shida ya kwanza basi ni spika. Sehemu ya piano anayopenda kuimbia kwa kushoto ni oktava iliyo chini ya C ya katikati, yaani kati ya herzi 131 na 262 hivi. Besi kubwa ya Larry Grenadier, mwenzake wa miaka mingi, inashuka hadi herzi 41 kwenye uzi wake mnene. Spika ya simu huanza kuishiwa nguvu chini ya herzi 200 au 300. Sikio linakudanganya, kwa sababu linajazia noti za chini kutokana na vivuli vyake vya juu, yaani mitetemo ya juu inayolia pamoja nazo, kwa hiyo unadhani umesikia yote. Ulichosikia ni nusu ya mazungumzo. Hedifoni za kufunika sikio, hata za bei ya chini, zinatosha. Usiongeze besi kwenye mipangilio, maana besi ikizidi inameza ile oktava ya kushoto na unarudi ulikotoka. Na kama unasikiliza mtandaoni, zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Kwa baadhi ya albamu zake mpangilio ni sehemu ya utungo.

Alizaliwa tarehe 23 Agosti 1970 huko Jacksonville, Florida, akakulia West Hartford, Connecticut, akiwa na msingi wa piano ya klasiki. Mwaka 1988 alihamia New York kusoma jazi katika chuo cha New School. Walimu wake walikuwa Fred Hersch, Junior Mance na Kenny Werner. Pia mpiga ngoma Jimmy Cobb, yule wa kikosi cha mpiga tarumbeta Miles Davis cha 1959, alimfundisha kisha akamwingiza katika bendi yake. Katika hao, Hersch ndiye wa kuangaliwa zaidi. Sikiliza rekodi yoyote ya Hersch akiwa peke yake utasikia sauti za ndani zikitembea kati ya besi na wimbo, kama alto na teno za kwaya iliyofundishwa vizuri. Sehemu ya pili ya malezi hayo ni Brahms, mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, ambaye naye alipenda kuuzika wimbo katikati ya piano na kuuzungushia mapambo juu na chini.

Masikio ya wengi yalimpata kwanza 1994, katika MoodSwing ya mpiga saksafoni Joshua Redman, pamoja na Christian McBride kwenye besi na Brian Blade kwenye ngoma. Wanne hao walirudi studio pamoja baada ya zaidi ya miaka 25 na kutoa RoundAgain (2020), kisha LongGone (2022). Kuzisikiliza albamu ya 1994 na ya 2020 kwa kufuatana ni zoezi zuri la kupima alivyokua. Katika ya kwanza piano ni ya kijana hodari anayeijua kazi ya kusindikiza. Katika ya pili huwezi kuitoa piano bila jengo kubomoka.

Albamu yake ya kwanza kama kiongozi kwenye lebo kubwa, Introducing Brad Mehldau (Warner Bros., 1995), ina vikosi viwili: nyimbo 5 na Grenadier na mpiga ngoma Jorge Rossy wa Barcelona, na 4 na McBride na Blade. Ukitaka kujua kwa nini aliendelea na Grenadier na Rossy, linganisha makundi hayo mawili. McBride na Blade wanapiga kwa moto, wanamsukuma. Grenadier na Rossy wanamwachia nafasi. Rossy hasa anapiga kikavu na kwa sauti ndogo, matoazi yake hayajazi hewa, na mpiga piano mwenye sauti nne vidoleni anahitaji hewa hiyo kuliko anavyohitaji msukumo.

Kikundi hicho cha watatu kikarekodi mfululizo wa Art of the Trio, juzuu 5 zilizotoka kati ya 1997 na 2001. Juzuu ya 1 na ya 3 ni za studio. Ya 2, ya 4 na ya 5 zilirekodiwa Village Vanguard, ukumbi wa chini ya ardhi Seventh Avenue South jijini New York, uliofunguliwa 1935, wenye umbo la pembetatu na nafasi ya watu 123. Ukumbi huo ndio uliomletea balaa la kulinganishwa na mpiga piano Bill Evans, aliyerekodi humo Juni 1961 na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma: mzungu, piano, watatu, Vanguard, nyimbo za polepole zenye huzuni. Mehldau aliuchoka ulinganisho huo hadi akaandika makala marefu ya kuupinga katika kijitabu cha juzuu ya 4. Makala yenyewe yana hasira kuliko inavyohitajika, lakini hoja ni ya kweli. Katika kikundi cha Evans besi ndiyo iliyoachiwa kutangatanga na kujibishana na piano. Katika kikundi cha Mehldau Grenadier anashikilia ardhi, na majibizano yanafanyika ndani ya piano, mkono kwa mkono.

Juzuu ya 4, iliyorekodiwa Januari 1999, ndiyo ningempa mtu anayetaka moja tu. Inafunguliwa na All the Things You Are, wimbo wa mwaka 1939 ambao kila mwanafunzi wa jazi anaujua. Umbo lake la kawaida ni vipimo 36 vya mapigo 4, yaani mapigo 144 kwa mzunguko mmoja. Mehldau anaupiga kwa mapigo 7 kwa kila kipimo, na kwa kasi. Mzunguko mmoja unakuwa mapigo 252, na kordi ambazo vidole vya kila mpiga jazi vimezizoea zinafika mahali pasipotarajiwa. Mapigo 7 si jambo geni. La kusikiliza ni kwamba husikii kuhesabu. Vifungu vyake vya mkono wa kulia vinaanza katikati ya kipimo kimoja na kuishia katikati ya cha tatu, huku kushoto kukitia alama chache tu za kukuonyesha mlango uko wapi.

Anayetaka kulijaribu hili kwenye piano akumbuke kwamba kinachokwama kwanza huwa mguu, vidole baadaye. Gawa 7 kuwa 4 na 3. Kanyaga pigo la 1 na la 5 tu, mengine yaache. Anza na metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) kwenye mapigo 100 kwa dakika na imba wimbo bila kugusa piano hadi mzunguko mzima upite bila kusita, kisha ongeza kushoto kordi moja kwenye 1 na moja kwenye 5. Kosa la kwanza linalotokea karibu kwa kila mtu ni kuongeza pigo la 8 la kimya, kwa sababu mwili unataka kupumua pale ulipozoea. Ukijirekodi na kuhesabu utalisikia: 1 yako inachelewa pigo zima kila baada ya vipimo viwili au vitatu. Kosa la pili ni baya zaidi kimuziki, nalo ni kuanza kila kifungu kwenye 1. Hapo umeshinda hesabu lakini umepoteza wimbo. Dawa ni kujipa sharti: vifungu vyote vianze kwenye pigo la 3 au la 6 kwa mizunguko kumi, hata kama vinasikika vya ovyo. La tatu, kushoto kunaganda kwenye mchoro mmoja kwa sababu kunatumika kama saa. Ukiona hivyo, kaa na kushoto peke yake, ondoa kordi ya 1, bakisha ya 5 tu, na uone kama bado unajua ulipo.

Juzuu ya 3, Songs (1998), ni ya upande mwingine. Hapa ndipo Exit Music (For a Film) ya Radiohead ilipoingia, wimbo uliokuwa na mwaka mmoja tu sokoni, pamoja na River Man ya mwimbaji Mwingereza Nick Drake, ambao tangu 1969 ulikuwa na mapigo 5. Wapiga piano wengi walioiga mtindo huu hawakuona kilichofanyika. Wao huchukua wimbo wa roki, wanauvalisha kordi za jazi, zile noti za nyongeza zinazoitwa tisa na kumi na tatu kila mahali, na wimbo unakufa mikononi mwao. Mehldau anaziacha kordi za asili karibu zote kama zilivyo. Anachobadilisha ni njia ya kutoka kordi moja hadi nyingine: noti moja ya ndani inasogea nusu hatua huku nyingine zikingoja. Jaribu mwenyewe. Shikilia F na A-flati, kisha sogeza C hadi D-flati. Umetoka F maina ukafika D-flati meja kwa kidole kimoja, na msikilizaji amesikia wimbo mdogo wa noti mbili wala hakusikia kordi ikibadilishwa. Sasa fikiria hilo likifanyika kwa dakika nne, daima katikati ya piano, chini ya wimbo ulio wazi kabisa. Exit Music hiyohiyo inafunga juzuu ya 4 ikiwa imerefuka karibu mara mbili, na mawimbi ya mwisho yanaonyesha tabia nyingine atakayoikuza: kumaliza wimbo, kisha kukataa kuondoka, akizunguka juu ya kordi chache za mwisho na kujenga upya kutoka hapo. Kwenye albamu ya Live ya 2008 tabia hiyo inafika mbali mno. Black Hole Sun, wimbo wa bendi ya roki ya Soundgarden, unapita dakika 20, na kwa masikio yangu theluthi yake ya mwisho ingekatwa wala isingekosekana.

Katika juzuu ya 1 wimbo wa kukaa nao ni Blame It on My Youth, uliosikika pia kwenye filamu ya Stanley Kubrick ya 1999. Ni wa polepole, na wimbo unafika kwa kuchelewa. Kuchelewa huku kuna kanuni: kushoto kunatembea sawasawa, kulia kunashuka nyuma ya pigo, wakati mwingine kwa nusu pigo zima. Mwanafunzi akiiga huchelewesha mikono yote miwili, na matokeo yake ni wimbo unaopungua kasi. Mikono iachane, na mmoja ubaki mwaminifu kwa pigo.

Hapa nisimame kidogo kwa wanaopiga, kwa sababu ule utando wake wa sauti tatu unaweza kujengwa kwa hatua, na mazoezi yake hayahitaji uwezo mkubwa. Chukua wimbo wowote wa polepole unaoujua vizuri, wa vipimo 16 au pungufu. Metronomu kwenye 60.

Kwanza piga wimbo kwa vidole vya 4 na 5 vya mkono wa kulia, vikisaidiwa na cha 3 pale tu inapobidi, bila pedali, noti zikiunganishwa. Ni vigumu kuliko inavyoonekana. Pili, weka besi kwa kidole cha 5 cha kushoto, noti moja kwa kila kordi, ishikiliwe. Tatu, katikati, karibu na C ya kati, vidole gumba vya mikono yote miwili na vya shahada vigawane mipigo ya nusu nusu ya noti mbili tu za kordi: ya tatu na ya saba, ukihesabu kutoka noti ya msingi ya kordi. Fanya mazoezi kwa jozi kabla ya kuunganisha: wimbo na katikati, besi na katikati, wimbo na besi. Watu huruka jozi ya mwisho kwa sababu ni rahisi, na ndiyo inayoonyesha kama wimbo wako unasimama bila kujazwa. Uzito wa sauti uwe takriban sehemu 3 kwa wimbo, 2 kwa besi, 1 kwa katikati.

Kitakachoharibika ni katikati kuwa juu mno. Kidole gumba ni kizito na kinaangukia kibonye pamoja na uzito wa mkono. Kukibana kwa nguvu hakusaidii, kunaleta tu maumivu ya kifundo. Kiache kikae juu ya kibonye bila kuinuliwa, ukiinamishe kiganja kidogo kuelekea kidole cha mwisho, ili uzito uende kwenye wimbo wenyewe. Kinachofuata kuharibika ni matope. Chini ya C iliyo oktava moja chini ya C ya kati, usiweke kordi za noti zilizobanana. Nafasi ya tatu (kama C na E) huko chini inanguruma tu. Weka ya tano, oktava, au ya kumi. Kama mkono haufiki ya kumi, piga noti ya chini kwanza, ikamatwe na pedali, kisha ufuate noti ya juu. Pedali ibadilishwe pamoja na besi, si pamoja na wimbo. Ukibadilisha pamoja na wimbo, besi inakatika na jengo zima linakosa sakafu.

Hayo yakikaa, geuza. Wimbo uhamie kwenye kidole gumba cha kushoto, kulia kubaki na mipigo ya juu, nyepesi. Hapo ndipo utakapomwelewa. Hatua ya mwisho, ambayo inaweza kuchukua miezi, ni kubuni: piga kifungu cha noti nne kwa kulia, kushoto kukijibu mapigo mawili baadaye kwa umbo lilelile kuanzia noti nyingine, huku kulia kukiwa kumeshaendelea na neno jipya. Anza kwa kordi moja tu. Kwenye kordi mbili utapotea, na ni kawaida.

Elegiac Cycle (1999) ni albamu yake ya kwanza ya piano peke yake, na ni nyimbo zake mwenyewe zinazozunguka wazo moja na kulirudia. Walioizoea Vanguard waliiona baridi. Mimi naiona kama warsha: mbinu zote zilizotajwa hapo juu ziko wazi, bila besi ya kuzifunika. Live in Tokyo (2004), iliyorekodiwa Sumida Triphony Hall mwaka mmoja kabla, ndiyo iliyofungua maisha yake kwenye lebo ya Nonesuch, na ndani yake kuna Paranoid Android ya Radiohead ya karibu dakika 20 ambamo mkono wa kushoto unafanya kazi ya gitaa, besi na ngoma kwa zamu.

Largo (2002), iliyotayarishwa na prodyuza Jon Brion huko Los Angeles, ina ngoma nzito, pembe, na piano iliyochezewa nyuzi. Ilimletea wasikilizaji wapya na bado ina watetezi wakali. Kwangu ngoma zinaifunika piano katika nusu ya nyimbo. Highway Rider (2010), pia ya Brion, yenye okestra na diski mbili, inafanikiwa zaidi kwa sababu okestra imeandikwa kwa mantiki ileile ya sauti za ndani. Mehliana (2014) na mpiga ngoma Mark Guiliana ni ya piano ya umeme ya Fender Rhodes na sinthesaiza. Finding Gabriel (2019), yenye sauti za waimbaji na sinthesaiza, ilishinda Grammy ya albamu bora ya jazi ya ala iliyotolewa Januari 2020. Jacob's Ladder (2022) inarudi kwenye roki ndefu tata aliyoisikiliza utotoni. Zote zina mashabiki wake. Kama ulikuja kwa ajili ya piano, zisubiri.

Mwaka 2005 Rossy alimpisha mpiga ngoma Jeff Ballard, na mabadiliko hayo ni makubwa kuliko vile majina yanavyoonyesha. Ballard anajaza. Ngoma zake zina tabaka, na kwenye Day Is Done (2005) unasikia kushoto kwa Mehldau kukipungua ili kumpa nafasi, mkono unakuwa wa midundo zaidi na wa kuimba kidogo. Ilichukua muda kupata uwiano mpya. Ode (2012) ya tungo zake na Where Do You Start (2012) ya nyimbo karibu zote za wengine zinaonyesha uwiano huo ukiwa umepatikana, na Blues and Ballads (2016) ndiyo laini kuliko zote.

Kisanduku cha 10 Years Solo Live (2015) ni nyimbo 32, kama saa tano za muziki, zilizochaguliwa kutoka matamasha 19 ya Ulaya kati ya 2004 na 2014. Hakikupangwa kwa tarehe. Kimegawanywa sehemu nne, na ya mwisho imejengwa juu ya E maina na E meja. Ndiyo maana nilisema uzime kuchanganya nyimbo: wimbo mmoja unaisha katika E ya giza na unaofuata unafungua dirisha bila kuhama nyumba. Katikati ya yote kuna Intermezzo ya Brahms, Op. 76 namba 4, iliyopigwa kama ilivyoandikwa, na haionekani mgeni hata kidogo kati ya nyimbo za roki. Usijaribu kukimaliza kwa siku moja. Sehemu moja kwa wakati, na uanze na ya nne.

Kisha After Bach (2018). Chanzo chake ni tungo zilizoagizwa na Carnegie Hall na kumbi nyingine za Toronto, Dublin na London. Mpango wenyewe ni rahisi: anapiga preludi (kipande kifupi cha ufunguzi) au fuga (kipande ambamo sauti kadhaa zinafuatana na wimbo uleule) ya Bach kutoka The Well-Tempered Clavier, kisha anaijibu kwa utungo wake. Preludi namba 3 ya kitabu cha kwanza, C-shapu meja, ina mwendo wa mapigo matatu mepesi. Jibu lake, Rondo, linachukua malighafi hiyohiyo na kuivunja katika mapigo yasiyolingana, na mtu aliyesikiliza All the Things You Are ya 1999 atamtambua mtu yuleyule. Preludi namba 10, E maina, ni ya kushoto tangu mwanzo: noti za haraka zisizokatika chini, wimbo mrefu juu, kisha mwishoni kasi inapanda na mikono yote inakimbia. Jibu lake linaitwa Flux, na hapo kushoto ndiko kunakoshika usukani. Kuna pia fuga mbili za sauti nne, F maina ya kitabu cha kwanza na G maina ya cha pili. Mpiga piano wa klasiki anaweza kulalamika kwamba anazipiga kwa pedali nyingi kidogo, na hatakuwa amekosea kabisa. Lakini sauti ya teno kwenye hizo fuga mbili inasikika kuliko katika rekodi nyingi za wenye kazi yao.

Suite: April 2020 ilirekodiwa Amsterdam wakati wa kufungiwa ndani kwa sababu ya korona: vipande vifupi 12 vyake na nyimbo 3 za wengine. Toleo maalumu la sahani 1,000 zenye sahihi yake liliuzwa kuchangia Jazz Foundation of America. Kwa mwanafunzi wa piano hii ndiyo albamu ya kuanzia kunakili kwa sikio, kwa sababu vipande ni vifupi, kasi ni ya kibinadamu, na sauti tatu zinatengana vizuri. Nakili besi kwanza, wimbo pili, katikati mwisho. Ukianza na wimbo utabuni katikati kutoka kichwani mwako badala ya kuisikia.

Kazi zake kwenye rekodi za wengine zisipuuzwe. Alone Together (1997) ya mpiga saksafoni Lee Konitz, pamoja na Charlie Haden kwenye besi, haina ngoma kabisa, na kila anachofanya kushoto kinasikika kana kwamba umekaa karibu na kiti chake. Live at Birdland (2011) inawarudisha watatu hao na kumwongeza Paul Motian. Pilgrimage (2007), albamu ya mwisho ya mpiga saksafoni Michael Brecker, inawagawia yeye na mpiga piano Herbie Hancock kiti kimoja cha piano, na ni mtihani mzuri wa sikio: sikiliza bila kusoma majina na ujaribu kusema ni nani. Kushoto kutakuambia mapema kuliko kulia.

Kwa mnunuzi, kisanduku cha The Art of the Trio Recordings 1996–2001 (Nonesuch, 2011) kina diski 7, juzuu zote 5 pamoja na rekodi za Vanguard ambazo hazikuwa zimetolewa, na ni nafuu kuliko kuzikusanya moja moja. Mwaka 2024 alitoa mbili siku moja, After Bach II na Après Fauré, hii ya pili ikiwa miaka 100 tangu kifo cha mtunzi Mfaransa Gabriel Fauré. Ianze hiyo ya Fauré usiku, kwa sauti ya wastani. Nokturni (vipande vya usiku) za mwisho za Fauré zina wimbo uliozama katikati ya piano na kordi zinazoteleza nusu hatua nusu hatua, na Mehldau anapoingia na tungo zake huwezi kusikia mpaka uko wapi, isipokuwa pale kushoto kunapoanza kurudia mdundo ambao Mfaransa huyo asingeuandika.